Maboga ya Nyuma ya Maabara

Nasikia mnalalamika. Mwezi jana mjukuu wangu Milembe alipita hapo maabara kunichukulia cheti cha utumishi, akamkuta mmoja wenu anagombana na fomu. Eti mistari imezidi. Hasa ule wa tatu, ulioandikwa "Kilichoondolewa kwenye sampuli". Anasema hajui uliwekwa na nani, yeye kila siku anaandika "hakuna" na kuendelea na mambo yake. Mwanangu, mstari huo uliwekwa kwa sababu yangu. Kaa chini nikueleze, na hiyo simu igeuze uso chini.

Kwa ambaye hakunikuta, mimi ni Mama Kulwa, niliyekuwa nawapikia udongo. Haya nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari, kwa mkono. Milembe amenisahihishia herufi, maana kwangu r na l ni mapacha kama watoto wangu Kulwa na Doto, nikimwita mmoja anaitika mwingine. Lakini nimemkataza kugusa maneno. Alitaka kufuta "mavi" aandike "samadi". Nimemwambia samadi inauzwa dukani ndani ya mfuko, haya ninayosema mimi yalikuwa mavi. Huyo Milembe anasomea ufundi sanifu wa ujenzi, mwaka wa pili, na akija likizo ananifundisha mambo niliyoyafanya kabla mama yake hajaolewa. Namsikiliza. Anafundisha vizuri.

Habari za kupanda cheo hamtazikuta humu, sikupanda. Mshahara nao ulikuwa mdogo, nikiuandika utaona aibu mbele za watu. Nitasema kazi.

Niliingia kazini kwa miguu, siku ya Jumatatu, kambi ilipokuwa nje kidogo ya Segese, wakati ule barabara ya kwenda upande wa migodini inaanza kupimwa. Nilikuwa nimeambiwa wanatafuta mwanamke wa kufagia. Darasa la nne langu nilikuwa nimelifunga kwenye kitambaa pamoja na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nikamkuta mzee mmoja mwembamba, koti jeupe lenye madoa ya tope, amekaa kwenye stuli anavuta ugoro. Huyo ndiye Mzee Mabula, mkuu wa maabara. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, halafu badala ya kunionyesha ufagio akasukuma ndoo kwa mguu.

"Huu ni udongo gani?"

Nikashika, nikafinya, nikaunusa. "Hii ni mbuga, mzee. Masika inakuvua kiatu, kiangazi inakuvunja mguu."

Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Akasema mainjinia wameandika kurasa nne kusema maneno hayo hayo, na wao walitumia gari kuja. Kesho yake nikapewa koti. Kufagia nako niliendelea, hakuna aliyenipunguzia.

Ninyi mliozaliwa juu ya changarawe labda hamuijui mbuga. Ni ule udongo mweusi wa mabondeni. Ukinywa maji unafura kama unga wa mkate, ukikauka unasinyaa na kupasuka, nyufa zinaingia mpini wa jembe. Ukijenga nyumba juu yake bila akili, mwaka wa kwanza unapata nyumba, mwaka wa pili unapata nyumba mbili, kila moja imeegemea upande wake. Barabara ni hivyo hivyo. Ndiyo maana unatiliwa kitu cha kuutuliza: chokaa, saruji, majivu, kutegemea na tabia yake. Kazi yetu maabara ilikuwa kujua tabia kabla hela ya watu haijamwagwa chini.

Chombo nilichokipenda ni kihori cha kupimia kusinyaa. Mnacho mpaka leo, kile cha shaba kama bomba lililopasuliwa katikati, urefu wake kiganja. Mzee Mabula alinifundisha kama anavyofundishwa bibi harusi kupika. Kwanza paka mafuta mgando, kidogo, isiwe kama unampaka mtoto anayekwenda kanisani. Jaza tope bila haraka. Gonga chini taratibu mpaka mapovu ya hewa yatoke, maana povu moja likibaki ndani linadanganya kuliko mtu. Sawazisha. Usikimbilie tanuri, acha kivulini kwanza, ndipo upeleke kwenye moto mdogo. Udongo ukikauka utajivuta, utaacha pengo pembeni. Hilo pengo ndilo unapima. Likiwa unene wa ukucha, udongo una adabu. Likiingia kidole, huyo mlevi, mtafutie dawa. Nimejaza vihori miaka yangu yote na sikuwahi kuvunja ncha ya hata kimoja. Siku hizi naambiwa udongo mnautoa humo kwa kugonga na nyundo. Sitaki kujua ni nani.

Mzee Mabula alikuwa mtu wa Mwadui. Alianza kazi huko kwenye machimbo ya almasi, akichekecha. Alikuwa anasema Mwadui walichekecha wakatupa udongo wakabakiza jiwe, huku tunachekecha tunatupa jiwe tunabakiza udongo, na kwamba amepanda daraja. Mkono wake ulikuwa mizani. Masikio yake yalikuwa yanahesabu mapigo ya kile kikombe cha shaba, tunachogongagonga na tope ndani kujua linalegea kwa maji kiasi gani, akiwa amesinzia, ukikosea moja anafumbua jicho. Kiungo kimoja tu kilikuwa kimekufa: pua. Ugoro wa miaka yote ile uliimaliza. Ungeweza kuchoma kiatu mezani kwake akaendelea kuandika. Likumbukeni hilo la pua, tutalirudia.

Watu walituelewa nusu nusu. Kuna mchimbaji mdogo alitoka huko upande wa Bulyanhulu na gunia begani, jasho limemlowesha, akaomba tumpimie. Mzee akamweleza kwa upole kwamba sisi hatupimi dhahabu, tunapima kama udongo utasinyaa. Yule akatua gunia akasema, "Basi msijisumbue, wangu umeshasinyaa mfukoni." Mzee alimpa chai. Gunia alituachia, tukalifanyia mazoezi.

Sasa tuje kwenye mbuga ya Lambo.

Barabara ilitakiwa kukatisha bonde moja refu lenye lambo la zamani, ng'ombe wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wananywa hapo tangu bibi yangu msichana. Kiangazi wanalala hapo hapo. Mainjinia walikuja, wakaona udongo mweusi, wakaandika mbuga. Hawakukosea. Ila hiyo mbuga ilikuwa imekula majani, mizizi na mavi ya ng'ombe miaka na miaka. Milembe anasema vitabuni unaitwa udongo ogania. Jina zuri, kama la mtoto wa kike.

Magunia ya sampuli yakaletwa, kazi yangu ikawa kuyaandaa: kukausha, kuponda, kuchekecha, kumpelekea Mzee. Nilipofungua la kwanza nikaona nyasi, mizizi, vipande vya kinyesi kikavu. Nikasikia aibu. Jamani, mimi nimelelewa. Mgeni humpelekei mchele wenye mchanga. Na huyu hakuwa mgeni, alikuwa mzee ninayemwamkia kila asubuhi, msafi wa kupindukia, anafuta mizani kwa leso yake. Nimpelekee mavi kwenye sinia?

Nikaenda nyumbani nikachukua ungo wangu.

Kila asubuhi kabla hajafika nilikuwa nyuma ya maabara, nimekaa juu ya ndoo, napepeta. Udongo ukikauka na kupondwa, kile kilichooza ni chepesi, upepo unakichukua. Mizizi nilichagua kwa vidole kama mawe kwenye mchele. Hata ile niliyoambiwa niiandae bila kuiponda sana, niliichambua. Kilichobaki kwenye ungo kilikuwa kizuri, cheusi, safi, ungeweza kumpelekea mkwe. Hakuna aliyeniagiza. Hakuna aliyenikataza, maana hakuna aliyejua, na mimi sikuona kama ni jambo la kusema. Nani anatangaza kwamba ameosha mboga?

Mzee akatia chokaa, tukajaza vihori, tukakausha. Pengo unene wa ukucha. Akarudia, ukucha. Akafurahi, akaniambia, "Mama Kulwa, bonde hili litatupa jina." Akaandika, akatia sahihi, ripoti ikaenda kwa Injinia Lema.

Injinia Lema ndiye alikuwa msimamizi wa kazi nzima. Kijana wa milimani kule, shati limepigwa pasi hata siku ya vumbi, mkali lakini wa malezi. Hata akija kugombana anaanza na shikamoo. Akaagiza kipande cha majaribio kijengwe bondeni, mita mia moja, chokaa kiasi kile kile cha Mzee. Kikajengwa, kikashindiliwa, kikalala kimenyooka kama shuka la hospitali.

Huku nyuma ya maabara nako kulikuwa na neema. Zile takataka nilizopepeta zilikuwa zimerundikana kichuguu, na siku moja baada ya chakula nikatupa hapo mbegu za boga. Wacha ziote! Yalitambaa mpaka ukutani, yakapanda kwenye tangi la maji, majani mapana kama masikio ya tembo. Nikawa napika majani kwa karanga, watu wa kambi wanakula. Injinia Lema alikuwa anakula Jumanne na Alhamisi, anaomba aongezewe, anauliza siri ni nini. Nikamwambia ni mkono. Nilijisifu kweli.

Mvua zikaja, zikaenda. Jua likapiga wiki chache. Ndipo kipande cha majaribio kikapasuka.

Siyo nyufa za nywele. Zilitembea urefu wa barabara, nyingine unaingiza mkono mpaka kiwiko. Injinia Lema akaja maabara, akatuamkia, akaweka vihori vyetu vya zamani mezani, vile tulivyohifadhi na karatasi zake. Akasema vihori hivi vinasema udongo umetulia, na bonde linasema hapana, na yeye bonde haliwezi kumdanganya. Kwa hiyo kuna mtu alikaa hapa kwenye stuli akatunga namba. Hakutaja jina. Stuli ilikuwa moja.

Mzee Mabula hakubisha. Alisema, "Injinia, mimi sijawahi kutunga namba." Basi. Akachukua leso akafuta mizani ambayo haikuwa na vumbi.

Injinia akasema barua ya kumsimamisha ataiandika, itakwenda makao makuu Ijumaa, asipopata maelezo. Mnaelewa maana yake? Mtu wa maabara hana mali nyingine ila sahihi yake. Ukishaitwa mtunga namba, hakuna kampuni toka Shinyanga mpaka Geita itakayokupa hata ndoo ya kushika. Na alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu.

Mzee akaanza kutafuta. Alikagua mizani, sawa. Tanuri, sawa. Akashuku chokaa, kwamba labda ilipigwa na unyevu ghalani. Aliyetuuzia alikuwa Bwana Akbar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kahama, Mhindi wa watu, baba yake na babu yake wote waliuza misumari kwenye baraza lile lile. Akaja mwenyewe na gari lake, akiwa na mfuko uliofungwa. Akaufungua mbele yetu, akaniomba mimi niipime. Ilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Akasema, "Mama, nimekuja kusafisha jina langu tu. Sijakasirika." Alikuwa amekasirika, mpaka chai aliikataa.

Jumatano nikamfuata Mzee bondeni, tukakaa ukingoni mwa ufa mmoja. Mimi nikachukua bonge la udongo nikalivunja mapajani, nikaona nyuzi za mizizi, majani yaliyolainika, na ule weusi wa kung'aa wa mavi ya zamani. Harufu ikanipanda. Nikasema moyoni, huu uchafu naujua. Nimeuona wapi? Ndipo nikayaona maboga yangu, kama mtu amenifungulia dirisha.

Barabara ilijengwa na udongo wote, pamoja na uchafu wake. Vihori vilijazwa na udongo niliouchambua mimi. Tulipima kitu kimoja, wakajenga na kingine.

Nitasema ukweli, nilifikiri kunyamaza. Kulwa na Doto walikuwa sekondari, baba yao alishafariki, na mimi cheti changu ni darasa la nne. Nilinyamaza toka bondeni mpaka kambini, ni mwendo mrefu. Tulipofika nikamshika mkono Mzee Mabula, jambo ambalo sijawahi kufanya, nikampeleka nyuma ya maabara. Nikamwonyesha ungo. Nikamwonyesha kichuguu chini ya maboga. Nikamweleza.

Akachuchumaa, akachimba kwa kidole, akasugua, akapeleka puani kwa mazoea, akakumbuka haina kazi, akashusha mkono.

"Umemwambia mtu mwingine?"

"Hapana, mzee."

"Basi usimwambie. Kosa ni langu. Huku nyuma nilikuwa nakuja kwa ajili ya maboga tu, sikuuliza yanakula nini. Mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu, wewe una watoto wawili shuleni."

Nikamjibu, "Mzee, mwaka mmoja na nusu ni mwingi sana wa kuitwa mwongo."

Alhamisi mchana, watu wakiwa wanatoka kula, nikabeba ungo na debe la udongo wa Lambo, nikapanda baraza la ofisi ya Injinia Lema. Akaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikatandika kanga sakafuni, nikakaa, nikaanza kupepeta. Akauliza ninafanya nini. Nikamwambia ninafanya kazi, atulie aangalie. Upepo ulikuwa mzuri siku hiyo, takataka nyepesi zikamwendea kwenye suruali ile ya pasi. Mzee Mabula alikuwa amesimama mlangoni.

Nilipomaliza kulikuwa na marundo mawili. Nikanyoosha kidole. "Hili safi ndilo Mzee alilopima, kwa sababu mimi nilimpelekea hilo tu na sikumwambia. Haya mawili kwa pamoja ndiyo mliyojengea. Hakuna aliyetunga namba. Aliyeharibu ni mimi, na nilidhani naheshimu."

Injinia akainama akachota lile rundo jepesi, akanusa. Pua yake ilikuwa nzima.

"Na hii ulikuwa unaitupa wapi, Mama Kulwa?"

"Nyuma ya maabara. Kwenye maboga."

Akageuka polepole kuangalia upande wa maabara. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi na sahani yake ilikuwa bado iko mezani. "Haya ninayokula."

"Ndiyo hayo, Injinia. Umekuwa unaila barabara yako Jumanne na Alhamisi, na unaomba uongezewe."

Mzee Mabula akakohoa. Halafu nikatambua siyo kikohozi.

Injinia hakucheka, ila mdomo ulimcheza. Akasema barua ameshaiandika, iko kwenye droo. Hataipeleka Ijumaa, lakini pia hataichana kwa ajili ya maneno na ungo tu. Anataka kuona kihori chenye uchafu wake wote, kimetulia. Wiki nne. Isipowezekana, barua itakwenda, na safari hii itakuwa na majina mawili.

Hizo wiki nne ndizo nilizojifunza kazi. Siku ya kwanza Mzee alichukua chupa mbili, akatia udongo niliopepeta kwenye moja na usiopepetwa kwenye nyingine, akamimina maji yenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, akatikisa, akaacha. Kesho yake chupa ya udongo safi ilikuwa rangi ya maji ya mchele. Nyingine ilikuwa chai ya rangi, tena iliyochemshwa ikasahaulika. Akaniambia, angalia, huyo ndiye mwizi. Alinieleza kwamba chokaa inakwenda kushika chembe za mbuga ili zisifure na kusinyaa, lakini hiki kilichooza kina ukali wake, kinaidaka chokaa njiani na kuimaliza kabla haijafika. Chembe zinabaki na njaa. Ni kama unatuma chakula shambani kwa kumpa mlafi abebe.

Tukajaza vihori kwa udongo na kila kilichomo. Chokaa kiasi cha zamani: pengo linaingia kidole. Chokaa maradufu: nusu kidole. Saruji: ukakauka mgumu lakini ukakatika vipande vitatu, biskuti. Wiki ya pili ikaisha. Mzee akasema kuna kitu alisoma zamani kuhusu majivu ya pumba za mpunga, kwamba yakikutana na chokaa yanashikana nayo. Nikamwambia majivu siyo shida, mashine za kukoboa mpunga zina milima ya pumba inayofuka wiki nzima. Nikaenda nikaleta gunia. Tukachanganya. Kihori kikatoka vibaya kuliko cha mwanzo.

Mzee akaweka kichwa mezani. Ni mara moja tu nimemwona hivyo.

Mimi nikachukua yale majivu nikasugua kwenye sufuria la chai. Yakapaka weusi. Hapo nikacheka, nikamwambia mzee, haya nimeleta ya kitoto. Mwanamke yeyote anayesugua masufuria anajua: majivu meusi hayajaiva, bado ni pumba, yanachafua. Yanayong'arisha ni yale ya kijivu cheupe, ya chini ya rundo, yaliyoungua mpaka mwisho. Tulikuwa tunaongeza takataka juu ya takataka. Nikarudi mashineni nikachimba chini, nikaungua vidole viwili, nikaja na ya kijivu. Nikayachekecha. Kabla sijayachekecha nikamwuliza Mzee kama niyachekeche. Mnaona, nilikuwa nimeshika adabu.

Chokaa maradufu, majivu ya kijivu, tukafunika tope kwa magunia mabichi siku saba lipate kuzoeana, ndipo tukajaza vihori. Kivulini kwanza. Mimi ndiye niliyepaka mafuta, nikajikuta nimepaka mengi kama ya mtoto wa kanisani, ikabidi nifute nianze upya.

Vilipotoka tanurini tukamwita Injinia Lema. Alikuja na rula yake mwenyewe, hakuamini yetu, na sikumlaumu. Akaamkia. Akapima pengo. Akageuza kihori akapima upande wa pili. Akapima cha pili, cha tatu. Akarudia cha kwanza. Ilikuwa ukucha, na ukucha wenyewe wa mtu aliyetoka kuukata.

Alikwenda ofisini kwake akarudi na bahasha, akaiweka mbele ya Mzee Mabula na kusema haina kazi tena, afanyie anachotaka. Mzee hakuisoma. Aliikata vipande vidogo, na mwezi mzima akawa anafungia ugoro wake humo.

Bonde likajengwa upya: tabaka la juu lenye mavi mengi likakwanguliwa kina cha mkono likatupwa kando, la chini likapewa dawa ile. Wenye mashamba waliligombania lile la juu. Mimi nilichukua toroli mbili.

Na ndipo Mzee Mabula alipokaa na fomu yenu. Zamani ilikuwa na sahihi moja tu, ya aliyepima. Akachora kwa rula mstari mpya juu, "Kilichoondolewa kwenye sampuli". Chini akaongeza mwingine, "Imeandaliwa na". Akanipa kalamu. Nikamwambia mimi nasaini posho tu. Akasema, "Mama Kulwa, udongo ukisema uongo, nataka kujua nani alikuwa jikoni." Kuanzia siku ile jina langu lilikuwa kwenye kila karatasi iliyotoka pale, na kwenye mstari wa tatu nimeandika mizizi, kokoto, kifuniko cha soda, jino la ng'ombe, na siku moja pete ya mtu, tulimtafuta mwenyewe tukampa. Sikuwahi kuandika "hakuna" bila kuangalia mara mbili. Ninyi mnaandika "hakuna" kama watu wanaosalimiana.

Mzee alimaliza ule mwaka na nusu wake, akarudi Mwadui na jina lake zima. Siku ya kuaga hakutaka saa ya ukutani. Aliomba mbegu za maboga, nikamfungia kwenye karatasi. Sikumwona tena, ila salamu zilikuwa zinakuja na kwenda na watu wa mabasi.

Juzi juzi nilipostaafu mimi, mlinipa kanga na hotuba, nashukuru, wabeja sana. Wiki iliyofuata kondakta mmoja akanishushia mzigo, gunia limeshonwa vizuri. Ndani boga, kubwa, la kijivu, tumbo limejaa. Kwenye kikonyo limefungwa fomu yetu, ile ya zamani iliyochorwa kwa rula, imekunjwa mara nne. Nikavaa miwani. Sampuli: boga. Mahali: Mwadui, nyuma ya choo. Imeandaliwa na: Mabula. Kilichoondolewa: hakuna. Mwandiko umeanza kuyumba, lakini sahihi ni ile ile.

Nilicheka mpaka Milembe akatoka jikoni. Tukalikata pale pale mezani, nyama ya njano nzito, mbegu zimejaa. Pembeni karibu na ganda tukakuta funza mmoja, mnene, ametulia zake.

Nikamtoa kwa ncha ya kisu. Kisha nikamwambia Milembe alete kalamu. Nikakata lile neno "hakuna", nikaandika juu yake "funza mmoja", nikaweka sahihi yangu pembeni, na kesho yake nikampa kondakta airudishe fomu Mwadui.